Mfupa wa Sahani ya Baba

Kila siku nikirudi kutoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, nampekua baba yangu mifuko. Mzee aliyepita miaka themanini, aliyeitumikia reli hapa Kindu tangu ujana wake, anasimama ukutani na kuinua mikono kama mwizi aliyekamatwa sokoni. Mimi bintiye naingiza vidole katika koti lake la kazi, lile la bluu ambalo hataki litupwe. Nakuta mfupa. Siku nyingine miwili, imefungwa kwenye karatasi aliyoichana katika daftari la wanafunzi wangu. Naichukua nakwenda kuitupa chooni, na nyuma yangu nasikia neno lilelile: "Mama, hiyo ilikuwa ya imbwa."

Ananiita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yake aliyebaki Kasai. Jina hilo limenipa mzigo wa watu wawili. Nimechoka, na naomba niseme hivyo mapema, mtu asije akadhani hii ni habari ya binti mwema.

Mbwa wetu ni jike, mzee naye, rangi ya udongo wa ukuta. Majira ya mvua yaliyopita alianza kunuka mdomo na kuangusha chakula. Nikampeleka kwa veterineri anayekagua nyama machinjioni. Yule bwana aliinua mdomo wa mbwa kwa kidole gumba, akaguna.

"Madamu, hii ukoga iko ya miaka mingi. Meno ya mbele inacheza. Zimebaki hizi tano za nyuma. Zikienda na hizi, atakula nini? Umupatie kitu ya kutafuna kila siku, kitu ya kukawia, isugue meno."

Kusema ni rahisi! Nilikwenda kwa mchinjaji nikanunua kwato la ng'ombe. Nikajiona mjanja kweli: kitu kigumu, hakina bei, hakimaliziki hata kwa mwezi mzima. Siku ya tatu nikasikia kaa! Jino kubwa la juu, upande wa kulia, limepasuka katikati. Veterineri alimchoma sindano akaling'oa, na muda wote alikuwa ananigombeza mimi, mwalimu mzima, mbele ya watu wanaosubiri nyama.

"Bonyeza kitu na ukucha kwanza. Ukucha ikiacha alama, umupe. Ukucha ikishindwa, na jino itashindwa."

Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walimaliza. Lililong'oka limeng'oka, kazi ni kulinda yale manne yaliyobaki. Basi nikawa natembea sokoni nikikwaruza kila kitu. Pembe ya mbuzi, hapana. Ngozi kavu ya ng'ombe iliacha alama, nikafurahi, lakini mbwa aliilainisha kwa mate akameza kipande kizima, akakohoa mpaka nikamwingiza vidole kooni kukivuta. Wanawake wa soko walinicheka: "Mwalimu, unanunua ao unakwaruza?" Niliwajibu kwamba nakwaruza, kuna neno? Sikuwa na nguvu ya mzaha.

Mwishoni kilichofaa kilikuwa kano, ule mshipa mnene wa mguu wa nyuma wa ng'ombe, ambao mchinjaji alikuwa anautupa tu. Niliuanika juu ya mabati siku tano, nimeufunika na kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi. Ukikauka unakuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Ukucha unaacha alama. Mbwa anautafuna siku tatu au nne kabla haujaisha, na kinywa chake kimeanza kuwa kinywa. Sharti ni moja tu: kikibaki kipande kidogo cha kuweza kumezwa, unakitoa mdomoni mwake.

Mambo yangeishia hapo kama si Baba.

Kwetu sahani ya baba wa nyumba lazima iwe na mfupa. Watoto wanapata nyama, baba anapata mfupa wenye nyama yake, aupasue, afyonze uboho, awagawie anaowapenda. Baba yangu hana jino hata moja, lakini desturi haimwulizi mtu meno. Jirani yetu akirudi Obokote na nyama ya moshi, pande lenye mfupa ni la Baba. Niliwahi kumwekea wali wa Kibombo na minofu mitupu, nimeikatakata vizuri ili asihangaike. Alisukuma sahani. "Sasa nimekuwa mutoto?" Hakula siku mbili. Nikashindwa, nikarudisha mfupa. Na mfupa ukirudi, unafyonzwa, unafutwa, unaingia mfukoni, kusubiri mbwa.

Mifupa iliyopikwa ni mibaya, na ya moshi ndiyo mibaya zaidi: inapasuka vipande vyenye ncha kama sindano. Hilo sikulijua kwa veterineri. Nililijua tangu utoto, wakati wa vita.

Miaka ile treni ilikuwa haiji tena. Mshahara wa Baba ulikwenda na treni. Maboti hayakupanda mto, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na mama yangu alipika sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, leo sombe, kesho sombe. Tulikuwa na mbwa dume, mweusi, mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Katika mwaka ule wote nakumbuka siku moja tu ya nyama. Mama alipika mchuzi, na juu yake matone ya mafuta yalikuwa yanaelea. Tulikunywa watoto wanne. Niliomba tena, nikaongezwa, kisha nikalamba sufuria. Baba hakuonja. Alisema amekula kazini, na sisi hatukujiuliza kazi gani.

Wiki chache baadaye mbwa hakuonekana. Baba alituambia alisongwa na mfupa aliompa mwenyewe. Tulilia, tukamsamehe Baba, maana alimpa kwa upendo. Tangu hapo mimi na mifupa ni maadui. Hata wanafunzi wangu wanajua: mbwa hapewi mfupa wa jikoni.

Wiki iliyopita nilichelewa na karatasi za mitihani. Nilipofika uani nilimkuta Baba ameketi kwenye kiti chake, mbwa miguuni pake, na mfupa wa moshi umevunjika vipande vitatu. Damu ilikuwa inamtoka mbwa mdomoni. Kijiti cha mfupa kilikuwa kimesimama kwenye ufizi, karibu kabisa na yale meno manne ninayoyahangaikia. Nilikitoa kwa vidole vyangu, nikakitupa chini. Nikapasuka.

"Baba, unataka kumuua huyu kama ulivyomuua yule wa vita?"

Neno likishatoka halirudi. Niliona uso wake ukilegea.

"Ile imbwa haikufa na mufupa," alisema.

"Wewe mwenyewe ulituambia."

"Niliwadanganya. Ilikuwa imeokota mufupa kwa jiko ya maaskari, kule kwa reli. Mufupa mukubwa, na nyama juu. Ikaleta mpaka kwetu, ikalala nayo ku mulango. Miye nikainyanganya. Nikapelekea mama yenu, nikamwambia nimenunua. Ule muchuzi, mama. Unakumbuka ule muchuzi."

Nilikumbuka. Ladha yake nilikuwa nayo bado.

"Ilikuwa na meno yote," aliendelea, na sasa alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia. "Meno mazuri, nyeupe. Nikaingiza mukono ndani ya kinywa yake nikavuta. Ingeniuma, ingekuwa haki yake. Haikuniuma. Ilinitazama tu. Kisha haikuokota kitu tena, mpaka njaa ikaimaliza. Nilizika nyuma ya depo, peke yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba mwenye njaa hana miiko, kwamba baba yeyote wa Kindu angefanya vile, kwamba ni kwa ajili yetu. Ni kweli tupu. Lakini nilikuwa na hasira naye kwa kutuficha miaka yote hiyo, na nilikuwa na aibu, kwa sababu niliyeomba kuongezwa ni mimi. Nikaingia ndani nikalia huku nimejifunika kitenge usoni, nikaamka nikapika, maana watu lazima wale.

Siku ya pili nilimwekea sahani yake kama kawaida, wali na pande la mfupa. Pembeni nikaweka kano jipya kavu.

"Hii ndiyo ya imbwa," nilimwambia. "Mufupa unirudishie miye."

Alilishika kano, akaligeuza, akalibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Akaangalia alama. Akabonyeza tena mahali pengine, bila haraka, kama alivyokuwa anakagua boliti za reli. Kisha akafyonza mfupa wake mpaka ukawa mweupe, akaniwekea kiganjani, akamwita mbwa.

Mchana wote hakuondoka pale. Na kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Mbwa alitafuna upande wa kushoto, upande wenye meno, na Baba alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Mimi nilisahihisha madaftari karibu nao. Mifuko ya koti nilikuwa sijaigusa.

Siku ya tatu kano likabaki kipande kama kidole gumba.

"Baba, sasa tulikamate. Atameza."

Alikunja mikono yake akaikalia, yote miwili, chini ya mapaja.

"Kamata weye. Miye nilisha kukamata mara moja."

Nilipiga magoti kwenye udongo, nikaingiza vidole kati ya yale meno manne. Yalikuwa ya moto. Mbwa aliacha kutafuna akanitazama, kisha akalegeza taya, akaachia.

Nilipoinua kichwa Baba alikuwa ameangalia ukutani.

"Imekuuma?" aliuliza.

"Hapana, Baba. Haikuniuma."