Duara Lisilo na Mstari

Pale ofisi ya afya tulimwita Bi Siku Ngapi, na mwenyewe alijua. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watu waliokutana na wagonjwa, na kabla hajavuta kiti alikuwa ameshauliza: "Homa ilianza siku ngapi zilizopita?" Aliwahi kumwuliza hivyo mlinzi wetu kwa sababu tu alipiga chafya. Mimi ni dereva wa idara. Nimemwendesha miaka sita, na sijaona mtu anayependa orodha kama yule mama.

Homa ya macho mekundu ilipoingia, haikuwa hata na jina. Jumatatu ulikuja waraka kutoka juu: mgonjwa ni mwenye homa na kutapika. Jumatano ukaja mwingine: kutapika si lazima, tazameni macho. Ijumaa wakasema vyote viwili. Tukarudi nyumba zilezile mara tatu, mpaka bibi mmoja akatufokea, "Juzi mlisema siumwi, leo mnasema naumwa, kesho mtasema nimekufa?" Bi Siku Ngapi akafungua ukurasa mpya, akaanza kumwuliza upya. Mimi nilikuwa sijui hata vioo vya gari nivifunge au nivifungue, maana nyaraka zote tatu hazikutaja gari.

Kwenye chumba cha mikutano alibandika karatasi kubwa ukutani. Kila mgonjwa alikuwa duara, na mstari ulitoka kwa aliyeambukiza kwenda kwa aliyeambukizwa. Wa kwanza alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa chini. Kutoka kwake mistari ilikwenda kwa mkewe, kwa shemeji yake, kwa wafanyakazi wawili, ikaishia hapo. Kilichotutoa jasho ni fundi cherehani wa mtaa wa juu. Aliugua siku tisa baada ya mwoka mikate, na baada yake wakaugua wateja wake wawili, mmoja akiwa hoi hospitalini. Lakini yeye kaambukizwa na nani? Mwoka mikate hamjui. Mtaa wa chini hajakanyaga tangu mwaka uanze. Duara lake lilikaa pembeni ya karatasi peke yake, halina mstari wa kuingia.

Mtaani kwake walikuwa wameshajipa jibu. Fundi alipotoka wodini amepona, alikuta cherehani yake imetolewa nje, imewekwa kando ya mtaro, na mlango wa duka una kufuli jipya. "Mficha maradhi kifo humuumbua," jirani alimwambia usoni. Mwenye nyumba alisema anasubiri karatasi ya serikali tu. Ikisema fundi alimficha aliyemwambukiza, basi afungashe, yeye na mkewe na watoto.

Karatasi hiyo tulikuwa tunaiandika sisi. Daktari mkuu, bosi wetu, aliitaka kesho yake asubuhi.

"Andika alificha," alisema. "Ugonjwa haudondoki kutoka mbinguni. Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu anamjua na hataki kumtaja."

"Bosi, nipe leo," Bi Siku Ngapi akaomba.

"Leo yenyewe inaisha saa kumi."

Tukaenda kwa fundi mara ya tatu. Nilinuna njia nzima, kwa sababu na mimi nilishaamini kwamba anatuzungusha. Alitoka akakaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake, nyuma ya duka. Bi Siku Ngapi akakaa hatua tatu mbele yake, daftari mapajani. Mimi niliegemea gari nikisikiliza.

"Kaka, turudi Jumanne ile, wiki ya kabla hujaugua. Ulifungua saa ngapi?"

"Saa mbili, dada. Nimekwambia mara mbili."

"Niambie ya tatu. Nani alikuja?"

"Mwalimu, na sketi yake. Mama wa mapazia. Yule wa suti. Basi."

"Una hakika?"

"Wateja ni hao, dada. Nikutungie wengine?"

Mkewe alikuwa ndani anakunja nguo. Akachungulia. "Na koti je?"

"Koti gani?" Bi Siku Ngapi akauliza.

"La kwako. Si ulikuja umelivaa, ukalivua hapahapa, ukasema lifupishwe maana unajikwaa?"

Fundi akamkemea. "Wewe nawe! Huyu si mteja, huyu ni mtu wa afya. Kauliza wateja."

Kalamu ikasimama. Makoti yetu ya kazi yaliletwa saizi moja, ya jitu, na la Bi Siku Ngapi lilikuwa likifagia sakafu. Asubuhi ya Jumanne ile tulikuwa nyumbani kwa mwoka mikate. Nyaraka zilikuwa hazijaja, tulidhani ni malaria. Bi Siku Ngapi alipiga magoti kando ya kitanda cha mwoka mikate, na pindo la koti likaburuta pale pale mgonjwa alipokuwa ametapika. Alilifuta kwa kitambaa, likakauka, tukaondoka.

"Ulilifupishaje?" aliuliza taratibu.

"Kama kawaida. Nilikunja pindo, nikabana kwa pini."

"Pini unazishika wapi?"

Fundi akaonyesha. Akagusa midomo yake. Anazibana pale, anachomoa moja, anachoma kitambaa, anaitoa, anairudisha mdomoni. Mafundi wote hufanya hivyo.

Nilifungua mlango wa gari nikatoa daftari la safari chini ya kiti. Jumanne: saa nne, nyumba ya mwoka mikate. Saa sita na nusu, fundi, dakika ishirini. Mwandiko wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeshasahau. Mimi ndiye niliyempeleka, tena nilikuwa nikipiga honi afanye haraka.

Tulipofika barabara kuu Bi Siku Ngapi alifunga daftari. "Sielewi," akasema. "Mimi sijaumwa. Macho yangu meupe. Ugonjwa unakaa kwenye kitambaa saa ngapi? Au ni yule mwalimu? Au ni mtu tusiyemjua?"

"Mama, mimi dereva tu."

"Nimewauliza watu mia na arobaini siku ile walikuwa wapi. Mimi sijajiuliza."

Bosi aliposikia alishika kichwa. "Hatuwezi kumwandika mtumishi wetu. Watatufungia milango mji mzima. Na si umesema mwenyewe huna uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nachora nukta nukta."

Akachora duara jipya katikati ya mwoka mikate na fundi, ndani akaandika jina lake kamili, si lile letu la utani. Akavuta nukta nukta kulia na kushoto. Bosi akasogeza kiti nyuma kidogo, mbali naye, halafu akaona haya akakirudisha. Baadaye akatia saini.

Kesho yake Bi Siku Ngapi aliisoma ripoti mwenyewe, amesimama kando ya ile cherehani. Watu walirudi nyuma. Binti wa yule mteja aliyekuwa hoi hospitalini, mama wa mapazia, akauliza, "Kwa hiyo ni wewe?"

"Huenda ni mimi. Sijui."

"Mtu mzima unasimama hapa kusema hujui?"

"Sijui, mwanangu. Ninachojua, huyu kaka hakuficha. Mimi ndiye sikuuliza."

Mwenye nyumba alifungua kufuli bila kumtazama mtu. Fundi na mkewe wakaiingiza cherehani wao wenyewe, hakuna aliyewashika mkono. Niliona aibu, kwa sababu na mimi sikuthubutu kusogea.

Mama wa mapazia alipona baada ya wiki mbili, lakini hakutaka kutuona tena. Kama kweli lilikuwa koti, mpaka leo hakuna aliyetuambia. Nyumba kadhaa zilitufungia milango, kama bosi alivyosema. Zinazofungua hutuuliza kabla hatujauliza: "Na nyie mmetoka wapi?" Bi Siku Ngapi hakasiriki. Anafungua daftari ukurasa wa kwanza na kuwasomea. Kila orodha yake sasa inaanza na yeye, na wa pili ni mimi.