Mume wa Bi Kibibi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, Bi Kibibi aliposimamisha ufagio wake mlangoni na kumwambia daktari mpya, "Shikamoo, bosi." Bibi mwenye wajukuu, anampa shikamoo kijana aliyetoka chuoni juzi. Sisi tuliokuwepo tulitazama chini. Daktari akaitikia marahaba, akapita zake, wala hakujua kwamba ameshatengwa.

Wakati huo nilikuwa nesi kijana kwenye zahanati ya kisiwani, huku kwetu delta, mto unapoingia baharini. Tulikuwa watatu tu: mimi, Bi Kibibi mfagizi, na huyo Daktari Elia wa Iringa, mpole, mwenye haya zake. Siku anaripoti, Bi Kibibi alimpokea kwa desturi yetu, kama bibi anavyomtania mjukuu: "Mume wangu, umekuja? Mbona mikono mitupu, hata sabuni hukuniletea?" Wagonjwa wakacheka. Uso wa daktari ukashuka.

"Mama, mimi nina mke. Naomba usinizoee."

Masikini, simlaumu. Alikuwa ameoa karibuni, mkewe bado yuko mbali, na alikotoka hakuwahi kuitwa mume na bibi wa watu mbele za watu. Alidhani anavunjiwa heshima, naye ndiyo kwanza anaianza kazi. Nilimweleza taratibu kwamba bibi akikuita mume amekukaribisha nyumbani. Akanijibu kuwa kazini si nyumbani. Kesho yake ndipo Bi Kibibi akampa ile shikamoo ya bosi. Alifagia, akadeki, akachota maji, wala hakumtania tena mtu yeyote.

Kumbe maneno yake ndiyo yaliyokuwa yakituendeshea zahanati. Mwanamke wa visiwani hafungui nguo mbele ya kijana mgeni kwa sababu tu kavaa koti jeupe. Bi Kibibi ndiye aliyekuwa akiwakalisha, akawatania mpaka woga ukawatoka.

Basi akaja mama mmoja, mimba kubwa, miguu imevimba, uso umevimba, kichwa kinamuuma hata macho yanaona ukungu. Nilipompima presha, ilikuwa juu kupita kiasi. Daktari akamwambia apande kitandani amwangalie. Mama akanitazama mimi, akamtazama yeye, akajitanda kanga yake, akatoka. Boti iliyomleta ilikuwa bado inasubiri abiria wa kurudi. Nilimsihi mpaka barazani, wapi. Tungemwacha aondoke, kifafa cha mimba kingemkuta katikati ya mikoko, yeye na mtoto wake.

Daktari alitoka nyuma yangu. Bi Kibibi alikuwa uani anafagia, hata kichwa hakuinua. Kijana wa watu akamsogelea. Kisha akasema kwa sauti nyembamba, "Mke wangu, nisaidie. Nimeshindwa."

Bi Kibibi akaweka ufagio chini. "Leo ndiyo umenikumbuka, mume? Tutaongea baadaye." Akamfuata yule mama, akamshika mkono. "Rudi, mwanangu. Huyo ni mume wangu. Mimi mwenyewe sioni wivu, wewe unaogopa nini?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka, akarudi ndani, akakubali kupimwa, na daktari akasema apelekwe hospitali upesi. Boti ile ile ndiyo iliyotuvusha, Bi Kibibi kampakata njia nzima, mpaka tukamfikisha Kibiti. Alijifungua salama, na mimi nililia kama mtoto.

Sasa wewe kesho unaanza kazi, na una tabia ya kununa, nakujua, nimekulea. Ukifika huko usikimbilie kumwonyesha kila mtu mipaka yake. Angalia kwanza watu wa pale wanapokeana vipi. Mtu mzima akikutania kwa moyo mweupe, mjibu, hata kama utani wenyewe huuwezi. Ukiumia, mvute pembeni umwambie kwa upole, atakuelewa. Lakini wa kukushikashika au kukudhalilisha, huyo hatanii, mkatalie wazi. Na likikushinda jambo, sema limekushinda mapema, mbele ya yeyote anayeweza kukusaidia, awe mkubwa wako au mfagizi. Daktari Elia aliyasema hayo mgonjwa akiwa ameshafika barazani, na bahati kama ile haiji kila siku.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akujaalie wenzio watakaokutania ukiwepo, na kukutetea usipokuwepo.