Bibi, Gogo na Chenso Mbili

Nisameheni kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu hulala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mkikuta r mahali pa l, someni tu mnavyoona inafaa. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole. Ukurasa huu nimeuanza asubuhi, na uji wangu umeshapashwa moto mara mbili. Lakini kuandika kuna nafuu kwangu, kwa sababu karatasi hainitazami usoni.

Ninaishi Nyakisasa na bibi yangu, mama yake baba. Ana shamba dogo la mikaratusi alilopanda na marehemu babu, na kuni zetu zote zinatoka humo. Miti ile sasa ni minene mno kwa shoka, kwa hiyo ilikuwa lazima kumwita jirani mwenye chenso, yaani msumeno wa injini. Jirani huyo ana ile kubwa ya wapasua mbao. Tena ana neno moja: kesho.

"Shikamoo mama," anasema akipita njiani bila kusimama. "Kesho asubuhi niko kwako."

"Marahaba mwanangu. Kesho ya mwezi gani?"

Mwaka jana tuliingoja kesho hiyo mpaka tukaanza kupikia mabua ya mahindi. Siku bibi alipochemsha maharage kwa kuchoma kigoda cha babu, ndiyo siku aliyokata shauri. Aliuza dume lake moja la ng'ombe, akasema tunakwenda Ngara mjini kununua chenso yetu wenyewe.

"Na atakayeishika ni wewe, mume wangu," akaniambia.

Ndivyo anavyoniita, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Mimi huinamisha kichwa kila anaposema hivyo mbele ya watu. Naye analijua hilo, ndiyo maana husema mbele ya watu.

Sasa shida yangu ilikuwa hii. Bibi alitaka kubwa. Alitaka kubwa kuliko ya jirani, ikiwezekana, ili aiwashe asubuhi na mapema jirani aisikie akiwa bado kitandani. Mimi nilikuwa nimewahi kuishika ile ya jirani kwa gogo moja tu, na kwa uzito wake jioni sikuweza kunywa chai bila kuimwaga kifuani. Nilijua bibi akinunua kama ile, nitaitumia siku mbili, halafu italala stoo chini ya magunia, na sisi tutarudi kungoja kesho. Dume lenyewe lilikuwa moja. Hakukuwa na la pili la kusahihishia makosa.

Ningeweza kumwambia. Badala yake nilikwenda shambani peke yangu na kamba ya mgomba, nikazungusha kila shina. Kwenye lile nene kuliko yote nikapiga fundo. Ukiikunja kamba kufuata lile fundo, unapata duara kama mdomo wa ndoo ndogo. Kwa mti wa namna hiyo, chenso ndogo ya nyumbani inatosha kabisa. Nikaitia kamba mfukoni, nikajiapiza kumwonyesha bibi kabla hatujafika dukani.

Asubuhi ya safari nilimkuta bibi amekaa juu ya gogo la mkaratusi lenye kifundo kikubwa ubavuni.

"Libebe," akasema.

"Tunalipeleka wapi?"

"Dukani. Watatuonyesha kwa gogo lao laini, tufike huku tulie. Mimi nataka ikate la kwangu."

Tukapanda mshikaki: dereva wa bodaboda, bibi, mimi, na gogo mapajani kwangu.

"Bibi, na hili gogo linalipa nauli?" dereva akauliza.

"Muulize lenyewe. Likijibu, nalilipia."

Kwa kelele za pikipiki sikuweza kuzungumza habari ya kamba. Nikajiambia, mjini. Mjini nililibeba gogo begani kutoka stendi, na vijana waliokuwa wakiosha pikipiki zao wakaacha kazi.

"Oya dogo, duka zima la kuni ndilo hilo?"

"Usimcheke, huyo ndiye mtaji wake! Dogo, unauza jumla au rejareja?"

"Ni posa hiyo," bibi akawajibu bila kugeuka. "Huyu ni mume wangu, na hilo gogo ndilo alilonitolea mahari."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilitamani gogo liwe na mlango, niingie. Habari ya kamba ikaisha hapo.

Muuza duka alikuwa kijana mwenye mikono safi sana. Aliamkia, akatazama gogo, akamtazama bibi.

"Hatukatii magogo ya wateja, bibi."

"Mbuzi unamnunua bila kumtazama meno?"

Basi tukaenda uani. Akaweka chenso mbili chini. "Hii kubwa ni ya mafundi. Inakata kutwa nzima haichoki. Hii ndogo ni ya nyumbani, ya kuni na matawi. Kwa bibi kama wewe, nashauri hii ya nyumbani."

Pale ndipo alipoharibu. Mimi nilikuwa upande wake, lakini alivyosema "bibi kama wewe" nilijua amekwisha.

"Mimi nikoje?" bibi akauliza.

Kijana akaona ni heri awashe mashine. Kubwa ilipita kwenye kifundo kama kisu kwenye papai. Ndogo ilinguruma, ikasita, ikasukuma, ikapita nayo, ila baadaye kidogo. Bibi hakuitazama hata ilipomaliza. Macho yake yalikuwa kwenye ile kubwa, na nilijua anamsikia jirani akianguka kutoka kitandani.

"Tunachukua hii. Mume wangu, ibebe."

Niliinyanyua. Fundo bado lilikuwa mfukoni. Ndipo nikasema kitu ambacho sijui kilitoka wapi.

"Bibi, nishikie kidogo, nifunge kamba ya kiatu."

Akaipokea. Mimi nikainama. Nilikuwa nimevaa ndala.

Nilipofika chini ndipo nilipokumbuka kwamba ndala hazina kamba. Nikatoa ile ya mgomba mfukoni, nikaanza kuizungusha kwenye ndala ya kulia. Sijawahi kufunga kitu polepole namna ile. Hata kuandika, naandika haraka zaidi. Juu yangu muuza duka alikuwa ameanza kueleza habari za injini, na alikuwa mtu wa maelezo marefu. Bibi aliishika mashine kama mtoto mchanga. Kisha akaihamishia kiunoni. Kisha nikaona miguu yake inatafuta namna nyingine ya kusimama.

"Nikupokee, bibi?" muuza duka akauliza.

"Niache. Nimebeba maji kutoka mtoni kabla mama yako hajazaliwa."

Nikahamia ndala ya kushoto.

"Kijana," bibi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "hebu nipe huyo mdogo wake."

Ndogo aliishika kwa mkono mmoja. Akainyanyua, akaishusha, akainyanyua tena.

"Ila hii haipendi kufanyishwa kazi kutwa," muuza duka akasema. "Ukishakata kidogo, iache ipoe. Na mnyororo uunoe kwa tupa mara kwa mara."

"Hata mimi sipendi kufanyishwa kazi kutwa." Kisha akanitazama miguuni. "Hiyo kamba ina fundo la nini?"

"Ni unene wa mti wetu mkubwa kuliko yote," nikasema. Ndiyo sentensi yangu ndefu kuliko zote siku ile.

Akanifungua ndala mwenyewe. Akaikunja kamba duara pale chini, akalaza juu yake lile bamba refu linalobeba mnyororo wa chenso ndogo. Lilivuka duara, likabaki. Bibi akaibeba ndogo mwenyewe. Akaenda kulipa.

Jirani alikuja kuiona jioni. "Mama, hii ni ya kunyolea ndevu?"

"Ndiyo. Njoo kesho nikunyoe."

Inakata polepole, siwafichi. Magogo manne, halafu naizima ipoe, na bibi anapata nafasi ya kunisimulia ukoo mzima. Lakini kuni ziko hadi chini ya kitanda, na kigoda kipya nimemchongea mwenyewe.

Wiki mbili baadaye bibi alirudi kutoka gulioni na viatu vya mtumba, vigumu, vya kamba, akanitupia miguuni.

"Chenso haishikwi na mwenye ndala," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Na siku nyingine ukiinama, uwe na sababu."

Nimevivaa hapa ninapoandika. Kama nawe una chenso ndogo, tafadhali niandikie, hata kwa mwandiko mbaya kama huu: wewe hufanya nini ukingoja ipoe? Na kama umewahi kumdanganya bibi yako naye akanyamaza, niandikie ilimchukua muda gani kukulipa.