Pazi Hakuwa na Watani

Mkwe wangu Pazi hajui kabila lake. Mama yake alifia njiani, kati ya Kilwa na Lindi, na mtoto akapelekwa kituo cha kulelea watoto akiwa na miaka miwili, pamoja na karatasi yenye jina moja. Aliyeijaza hakuuliza mama alikuwa akisema lugha gani. Pazi alikaa humo miaka kumi na sita, akajifunza useremala, kusali, na kunyamaza.

Alipomwoa binti yangu Mwanahija na kuhamia hapa Milola, nilimchunguza kama ninavyomchunguza kila anayeingia kwangu. Gari likisimama barabarani, alifunga vifungo vya shati na kusimama wima. Nikamuuliza. Akasema kule kituoni gari likija ni wageni, na watoto hupangwa mstari waimbe.

"Mimi nimeshakuwa mtu mzima, mama, ila miguu haijaambiwa."

Sikuwahi kumsikia akitania tena.

Mwaka wa kwanza aligombana na mkewe, jambo dogo la chumvi. Asubuhi nikamkuta mlangoni, amekalia godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Kituoni, aliyekosa alikunja godoro akalikalia nje ya ofisi, mpaka mkubwa aje aseme kama atabaki au atahamishwa.

Mume wangu, Hussen, alicheka hadi akakohoa. "Baba, katandike. Hapa watu wanagombana na wanalala."

Pazi akatandika. Kuanzia hapo akawa kivuli cha mzee. Walipalilia mikorosho pamoja, na mzee alipoanza kuugua, Pazi ndiye aliyemtengenezea kitanda kifupi ili ashuke bila kushikwa. Mwaka wa tatu mzee akafa.

Sisi Wamwera tuna watani wetu, Wangoni. Msibani mtani husema atakalo. Humtukana marehemu, huvaa nguo zake, na mfiwa hucheka huku moyo umepasuka. Hakuna anayemkalisha mtoto akamfundisha haya; huyaona akiwa mgongoni kwa mama yake. Kituoni, mtoto akifa alichukuliwa na gari, wengine wakarudi darasani. Na hapa kwetu, kila msiba Pazi alikwenda makaburini kuchimba, utani wa uani ukampita.

Siku ile jeneza lilikuwa tayari uani. Sipriani, fundi mwashi na mtani wetu, alivaa kofia ya marehemu, akashika mkongojo wake, akaanza kuchechemea mbele ya wanawake, akiniita kwa sauti ya mzee.

"Sada! Chai yangu iko wapi? Nimekufa leo tu, mshaanza kuninyima?"

"Kainywe kwa mkeo, Mngoni wee," akajibu mwanamke mmoja.

"Mke wangu hapiki chai ya wezi!" Akajilaza mbele ya jeneza. "Hatoki mtu hapa. Huyu mwizi kala korosho zangu miaka thelathini. Mvueni sanda, anaipeleka wapi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, machozi yakapata njia. Ndipo Pazi akaingia kutoka makaburini, udongo hadi magotini. Alimwona mtu amevaa kofia ya baba yake, anamwita mwizi, na watu wote wanacheka. Alimwinua kwa kola, akampiga ngumi ya mdomo. Kisha ya pili. Damu ikarukia mkeka.

Nami nikasema, "Pazi, toka hapa. Umetuaibisha. Toka."

Mikono yake ikashuka. "Ndiyo, mama," akasema, akaondoka.

Shemeji yangu Abdulatifu alitaka afukuzwe kabisa. "Mtu asiye na ukoo atajuaje msiba?"

Sipriani alitema damu, akajifuta. "Mwacheni. Huyo hana kabila, basi tumpe la kwenu. Ngumi zenyewe za Kimwera, haziui. Nataka jogoo wangu tu." Watu wakacheka, jeneza likainuliwa. Kabla ya alasiri mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwetu yalikuwa yamekwisha. Wanangu nimewaambia "toka" mara zisizo na hesabu. Hutoka, huenda kwa jirani, na wali ukinukia wanarudi wenyewe. Sikumfikiria tena. Wageni walikuwa wengi, na sufuria zilikuwa jikoni.

Magharibi Mwanahija akaniuliza mumewe yuko wapi. Tukatazama chumbani: godoro halipo. Jirani akasema Pazi alikaa kando ya barabara tangu adhuhuri, amelikalia, anatazama huku nyumbani. Waliompita walidhani analia msiba. Jua lilipozama, lori la korosho likampakia.

Tangu adhuhuri hadi magharibi alingoja mtu aje aseme. Aliyewahi kumwambia "katandike" tulikuwa tumemzika.

Miezi mitano baadaye, dereva mmoja akatuambia amemwona Somanga, kwenye karakana ya vitanda. Nikaenda. Niliposhuka garini nilimwona amesimama wima, anafunga vifungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nikamwambia mtoto aliyemwacha tumboni amezaliwa, wa kiume, na tumempa jina la babu yake. "Sipriani keshamwita mwizi, anasema kaiba pua ya marehemu." Hakucheka. Aliniuliza kama meno ya Sipriani yamepona. Nikasema jambo lile liliisha siku ileile, jogoo akaliwa, kilichobaki ni yeye kurudi.

"Nirudi mpaka lini, mama?"

"Mpaka lini vipi? Ni kwako pale."

"Ndiyo, mama," akasema, kwa sauti ileile ya siku ya msiba.

Alinipa kigoda alichomtengenezea mtoto, akaahidi kuja Ijumaa. Kabla ya kuondoka niliomba maji, nikaingia anapolala. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, limekunjwa, kamba haijafunguliwa. Chini palikuwa na maranda ya mbao, yamelaliwa mpaka yameacha umbo la mtu.

Ijumaa saba zimepita. Mwanahija bado anampakulia. Mtoto ameanza kukaa, lakini kigoda hakijamfaa. Na sijamwambia binti yangu kuhusu yale maranda.