Mama aliwapa kaa wangu maji ya kuchemsha

Wakuu, heshima yenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, nasoma comment zenu nacheka peke yangu. Leo acha niandike. Siongezi chumvi, mama yuko hapa pembeni, nikidanganya atachukua simu yake.

Niko Gitega, mtaa wa Yoba. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, amani iliporudi nasi tukarudi. Shuleni wananiita "Mtanzania" maana Kifaransa changu ni cha kuungaunga. Basi darasani nanyamaza kama kabati.

Sasa prof wa biolojia akanipa exposé, yaani mada ya kueleza mbele ya darasa: bahari ikipata joto na asidi, kaa na kamba wanapumuaje?

Bahari yenyewe sijawahi kuiona!

Nikapata akili. Kwa bibi, kule Muyinga, kuna kijito chenye kaa. Nikiwaleta darasani, watu watatazama kaa, hawatanitazama mimi. Jumamosi nikaenda, nikarudi na wawili kwenye ndoo.

Jumapili tumetoka kanisani, kumbe mama alitangulia kufika. Nachungulia ndoo...

Wakuu, nilipiga kelele.

Kaa miguu imelegea. Mmoja yuko chali. Na asubuhi walikuwa wanagombana kama wapangaji wa choo kimoja!

Binamu yangu Désiré, yeye kazaliwa hapahapa, akaja mbio. "We, mbona iko nalala? Umewapa nini?"

"Sijawapa kitu!"

Mama akatokea jikoni, hana hata wasiwasi. "Nimewabadilishia maji. Yale yalikuwa machafu. Nimewajazia ya kuchemsha."

Hapa naomba mmuelewe. Kambini tuliona kipindupindu. Tangu hapo mama anachemsha kila tone. Akikupa maji ya kuchemsha ujue anakupenda.

Nikatumbukiza mkono. Vuguvugu.

Nikautoa haraka. Hii si ndiyo exposé yangu? Maji yakipata moto, hewa inatoroka. Na kaa akipata joto, mwili wake unadai hewa zaidi. Matamvua yake ya kupumulia yanahangaika, moyo unasukuma damu ambayo haijabeba kitu. Nilikuwa nimeyakariri yote kwa Kifaransa, sikuyaelewa. Sasa yako ndani ya ndoo yetu.

"Mama, wanakosa pumzi!"

"Wakiwa ndani ya maji?"

"Hewa ya humo imeondoka ulipochemsha!"

Mama akainama kwenye ndoo. Yeye anayekimbia mende, aliwatoa kwa mkono, akawalaza kwenye gunia lililoloa. Halafu akachukua ndoo nyingine, akaanza kumimina yale maji kutoka juu, huku na huku, kama anapooza uji.

"Tantine iko napooza chai ya kaa," Désiré akasema, akimwonyesha mama kidole.

Mama akainua ndoo juu zaidi.

Alimimina mpaka maji yakawa baridi, yanatoa povu. Tukawarudisha.

Mmoja hakuamka tena. Wa pili alikaa tu, akakaa... akainua gando.

Mama akajiachia chini kwenye saruji. "Nisamehe, mwanangu." Alikuwa anamwambia kaa, siyo mimi.

Jumatatu nikasimama darasani na kaa mmoja. Wakuu, niliongea! Nikawaambia baharini hali ni mbaya kuliko kwenye ndoo yetu, kwa sababu hewa ya ukaa ya moshi wetu inayeyuka mle na kuleta asidi. Damu ya kaa ikipata asidi, inashindwa kubeba hewa vizuri. Kifaransa kikakata, nikamalizia kwa Kiswahili na Kirundi, prof akaniacha niendelee.

Siku hiyo sikumsikia mtu akisema Mtanzania. Ila kuna mmoja nyuma akauliza, "Sasa bahari, nani ataimimina?"

Nikaliandika swali lake nyuma ya daftari. Liko hapo mpaka leo.

Kaa tulimrudisha Muyinga, mama alitaka ampeleke mwenyewe. Somo nililopata ni kwamba maji yanaweza kung'aa kabisa na bado yakamnyima mtu pumzi.

Mlioko Tanga, Mombasa na kwingine pwani, nyie mnaowaona kaa kila siku: maji yenu yakoje sasa? Niambieni ukweli hata kama ni mbaya. Mama naye anasubiri, kila saa ananiuliza kama mmejibu.