Picha mbili za marehemu, nusu kwa nusu

Siku ya ine, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilipiga Dilala tangu asubuhi. Ilipokatika, pikipiki za taxi-moto zikaanza kurusha matope mpaka mlangoni pangu.

Mi nachapa karatasi za watu na mabango. Masomo sikufika mbali, na kompyuta nilijifunza kwa kuogopa-ogopa, lakini kazi hii naijua. Leo walikuja wanawake wawili: mjane, na wifi yake, dada mkubwa wa marehemu. Maziko ni kesho, bango la kilio ni moja, na kila mmoja alileta picha yake. Ya mjane, bwana yake amevaa kofia ya mgodi, anacheka. Ya dada, amevaa koti na tai, uso ameukaza.

"Mutu habamuziki sawa vile anaenda ku kazi," dada akasema.

"Batoto bangu habamujue na tai," mjane akajibu. "Na ile koti ilikuwa ya kuazima."

Nikafungua picha zote mbili. Ya dada ikajaza kioo cha kompyuta, ya mjane ikabaki kadogo pembeni.

"Unaona? Mama wa kompyuta ameisha kuchagua," mjane akasema.

Nikaona haya, maana haikuwa nia yangu. Nikakamata kibonye chenye alama ya dirisha pamoja na kile cha mshale: moja ikaenda kushoto, nyingine kuume, kioo kikagawanyika katikati. Nikazivuta mpaka nyuso zikalingana, kidevu kwa kidevu.

Lakini nikawaza: jicho la mtu linaanza kushoto. Nikabadilisha pande, kila moja ipate zamu yake.

"Mama, marehemu anatembea tena?" dada akauliza. Mjane akacheka kidogo.

Ndipo dada akasogea. Akaziba koti kwa kiganja, akaacha uso tu, akaangalia macho ya huku na ya huku.

"Hapa alikuwa anangojea mupiga picha amalize," akasema. "Pale njo yeye. Weka ya kofia. Ya tai nitapelekea mama yetu."

Walipoondoka nilijiuliza kama sikupendelea. Nikarudi kuangalia. Ya kofia ina jua zaidi, ni kweli, lakini jua hilo si mi niliyelitia. Kugawa, niligawa sawa.

Bango lilitoka kabla ya giza. Nyumbani tulikula bukari, ugali wetu, na majani ya lengalenga, na samaki kidogo ya kukauka.