Mtafute Mume

Kila Jumanne, katika maktaba ya mji wetu wa Dakota Kaskazini, mama mkutubi alikuwa akipuliza vidole kwa baridi kwanza, ndipo afungue tovuti ya chama cha historia cha jimbo, yenye magazeti ya zamani. Sisi tulimletea majina ya wazee wetu, naye aliyasaka huku akinong'ona kila mstari kama anayesoma barua ya siri.

Siku moja Delmar, mkulima wa mahindi, alilalamika: "Mama, wiki ya tatu hii! Bibi yangu Thora hayumo."

"Weee! Magazeti hayo yalimjua Thora wapi? Mke aliandikwa kwa jina la mume. Mtafute mume." Akaandika la babu, na Thora akatokea: Bi. Anton Rusvik alileta keki kanisani.

Delmar akavua kofia. "Na wewe mama, jina lako hasa ni nani?"

Mikono ikasimama juu ya vitufe. "Aa, mtanipata tu."

Mwaka wa pili sasa tangu tumzike, kiti chake kitupu. Jana nilifungua tovuti ile, nikapuliza vidole, nikaandika jina la mumewe, maana lake hatukulijua. Nikampata mama, chini ya jina la mume.